Klabu ya usalama wa mtandao haihitaji raisi, inahitaji timu

Vijana wa Kasongo, vijana wa Kabambare, na ninyi wa Maniema ya kusini mlioko Kindu, Kalemie, Lubumbashi na Kinshasa kwa masomo ao kwa kutafuta maisha,

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo: namna tunavyounda klabu za usalama wa mtandao katika vyuo na shule zetu. Hamu ipo. Wanafunzi wanataka kujua namna mtu anaingia katika simu ya mwingine, namna ya kumzuia, na wamesikia kwamba kuna mashindano ambapo vijana wa inchi mbalimbali wanapimana akili. Hamu hiyo ni mali. Lakini kila mara inapoamka tunaipeleka njia ileile: tunachagua komite. Raisi, makamu wa raisi, katibu, makamu wa katibu, mtunza feza, msemaji, washauri wanne. Tunachonga muhuri, tunapiga picha, tunaandika barua ya kuomba msaada. Halafu raisi anamaliza masomo ao anapata safari, na neno la siri la ukurasa wa klabu linaondoka naye. Klabu imekufa, na hakuna hata mwanamemba mmoja aliyejifunza kulinda simu ya mama yake.

Sisi tuliobeba diploma ya chuo kikuu na tunaoitwa mashomeri, komite za namna hiyo tumeziona kwa macho. Kwa hiyo tunasema wazi: tukianzisha klabu kwa kugawana viti, hatutapata walinzi wa mtandao. Tutapata watu kumi wenye vyeo na muji mzima usiokuwa na ulinzi.

Juu ya nini jambo hili linatugusa

Mchimbaji wa Salamabila anataka kumtumia mama yake feza kule Kasongo. Hawezi kuipatia mtu wa safari, kwa sababu barabara tunaijua na watu wenye silaha tunawajua. Anatuma kwa simu. Mwenye duka anayengoja mzigo, mzazi anayelipa masomo ya mtoto Kindu, wote wanatuma kwa simu. Vodacom ilileta M-Pesa katika inchi yetu mwaka 2012, na Airtel na Orange wako na huduma zao. Mwaka 2025, M23 ilipochukua Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga milango katika miji hiyo, na watu wengi wakabaki na simu tu kama sanduku la feza. Mwizi naye ameona. Hakai tena njiani peke yake; anapiga simu.

Tazameni namna anavyofanya kazi. Anapiga kwa sauti ya heshima: "Mama, miye niko mutu wa kampuni, laini yako itafungwa leo, unipatie namba ya siri nikuokoe." Ao anaandika ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kampuni, kwamba feza imeingia kwako, halafu anapiga akilia kwamba alikosea, ni feza ya mgonjwa, umrudishie mbio. Unarudisha feza yako mwenyewe. Ya kwake haikuingia kamwe. Ao anakuomba tarakimu 6 zilizofika sasa hivi katika simu yako, eti zilikuja kwako kwa makosa. Tarakimu hizo 6 ndizo ufunguo wa WhatsApp yako. Dakika chache nyuma yake anawaandikia ndugu zako wote kwa jina lako: "Niko hospitali, nisaidieni."

Hapo hakuna ordinatere kubwa wala mtu mwenye kofia ya giza kama katika sinema. Kuna sauti tamu, kuna haraka, kuna woga. Na dawa yake ni maarifa ambayo kijana wa miaka 16 anaweza kuyafundisha kwa saa moja: namba ya siri haipewi mtu yeyote, hata mtu wa kampuni, mbele ya kurudisha feza, angalia salio lako wewe mwenyewe, usiangalie ujumbe, katika WhatsApp weka uhakikisho wa hatua mbili, ili tarakimu 6 peke yake zisitoshe kuingia.

Nani anafundisha hayo leo sokoni Kasongo? Nani anayafundisha Kabambare? Hiyo ndiyo fasi ya klabu.

Mchezo wa bendera

Mashindano ambayo wanafunzi wa dunia wanashindana yanaitwa mchezo wa kukamata bendera. Waandaaji wanaficha neno fulani, na neno hilo ndilo bendera. Wanaweza kulificha ndani ya picha, ndani ya tovuti yenye tundu, ndani ya ujumbe uliofungwa kwa hesabu, ndani ya programu ambayo lazima uifungue kipande kwa kipande. Timu inayolipata inaliandika na kupata pointi. Anayejua tovuti si lazima ajue hesabu. Anayejua hesabu pengine hajawahi kufungua programu. Na masaa yanahesabiwa. Hata mtu mwenye kichwa kikubwa namna gani, akicheza peke yake atakuwa bado kwenye swali la pili wakati timu ya watu watano wa kawaida iko kwenye la kumi.

Mkutano wa DEF CON wa Marekani ulianza kuchezesha mchezo huo mwaka 1996. Katika fainali za kushambulia na kulinda, kila timu inapewa seva yenye programu zilezile na matundu yaleyale. Unatafuta tundu, unaliziba kwako, halafu unaingia nalo kwa wengine. Lakini kuna sharti moja zuri sana: programu zako zinapashwa kuendelea kufanya kazi. Ukizizima ili adui asiingie, unapoteza pointi. Kwa hiyo timu inahitaji washambuliaji, lakini inahitaji pia mtu anayekaa kimya usiku mzima akiangalia kama kila kitu kinatembea. Huyo hapigiwi makofi. Siku asipokuwepo, timu inaanguka.

Washabiki wa AS Maniema Union wanaelewa hesabu hiyo. Wakati timu yetu ilipofika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, msimu wa 2024-2025, hakuna aliyesema tupeleke washambuliaji 11 na tuache goli wazi. Kumbe katika klabu zetu za ordinatere njo tunafanya hivyo: kila mutu anataka kuwa mshambuliaji, ao raisi.

Marekani kuna mashindano mengine ya vyuo vikuu yanayoitwa National Collegiate Cyber Defense Competition. Timu ya wanafunzi 8 inakabidhiwa mtandao wa kampuni ya kubuni, tayari una matundu. Kikosi cha washambuliaji wazoefu kinawapiga bila huruma. Na katikati ya mapigo hayo, mtu anayecheza kama bosi wa kampuni anawatumia kazi za ofisi: andikeni ripoti, fungueni akaunti mpya, tuelezeni kilichotokea kwa maneno ambayo asiye fundi ataelewa. Pointi zinatoka pande zote. Fundi hodari asiyejua kueleza anaangusha timu sawasawa na msemaji asiyejua kitu.

Ulaya nao wana mashindano yao ya vijana wa miaka 14 mpaka 25. Timu ya inchi moja ina watu 10, na sheria inataka nusu yao wawe vijana wadogo, wasiozidi miaka 20. Fikirini sheria hiyo vizuri. Wakubwa hawawezi kushinda bila kuwafundisha wadogo. Uongozi wa kesho umeandikwa ndani ya masharti ya mchezo. Haungoji moyo mzuri wa mtu.

Na Afrika haikukaa nje. Mwaka 2022, Athens, kwenye mashindano ya kwanza ya kimataifa ambapo kila eneo la dunia lilileta timu, Afrika ilikuwa na timu yake kati ya timu 7. Vijana wa inchi tofauti walisimama chini ya jina moja. Kama wao waliweza, sisi tunashindwa nini kati ya Kasongo na Kabambare?

Kapiteni ni mtu wa namna gani

Hatusemi kwamba klabu isiwe na kiongozi. Kundi lisilo na kiongozi linakuwa na kiongozi wa siri, na huyo ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayeweza kumwondoa. Tunasema kwamba kiongozi wa timu ya usalama wa mtandao ana kazi nne, na hakuna hata moja inayohitaji muhuri.

Kazi ya kwanza: kujua nani anafanya nini. Timu nyingi hazishindwi kwa ujinga; zinashindwa kwa sababu watu watatu wanapiga mlango mmoja kwa masaa matatu, na pembeni kuna mlango ambao hakuna aliyeugusa. Ubao na chaki vinatosha: swali hili la fulani, lile la fulani.

Kazi ya pili: kusema "acha". Mtu aliyeshikwa na swali gumu haoni masaa yakipita, kiburi kinamwambia bado kidogo tu. Kapiteni anamtoa pale kwa upole, anampatia swali lingine, anamweka mtu mwingine mwenye macho mapya.

Kazi ya tatu: kuhakikisha kwamba kilichojulikana kinaandikwa. Katika mashindano ya dunia, mchezo ukiisha, timu zinaandika hatua kwa hatua namna zilivyofungua kila swali, na zinaweka maandishi hayo wazi, bure, hata wapinzani wayasome. Kijana asiye na mwalimu anaweza kujifunza kwa maandishi hayo peke yake. Kwetu, anayejua kitu anakificha, kwa sababu anaogopa kwamba akikisema hatakuwa tena mkubwa. Daftari la klabu linavunja tabia hiyo. Kisichoandikwa katika daftari, klabu haikijui.

Kazi ya nne: kutengeneza atakayechukua fasi yake. Wanafunzi wa Carnegie Mellon, katika timu yao inayoitwa Plaid Parliament of Pwning, walishinda fainali za DEF CON mwaka 2013 na mara nyingine nyingi nyuma yake. Mwaka uleule wa 2013, wangeweza kukaa na kujisifu. Wao na walimu wao walianzisha picoCTF, mashindano ya bure kwa watoto wa shule za sekondari. Mabingwa wa dunia waliketi kutunga maswali ya wanaoanza. Mtu akituuliza uongozi ni nini, tunamwonyesha hapo.

Tunaomba sheria tatu ziandikwe katika klabu yoyote itakayozaliwa hapa. Ya kwanza: kapiteni ni wa miezi mitatu, halafu zamu ya mwingine, na kila neno la siri la klabu linajulikana na watu wasiopungua watatu. Ya pili: aliyejifunza kitu Jumamosi hii, Jumamosi ijayo ndiye anakifundisha. Ya tatu: kwenye ordinatere, asiyejua ndiye anakaa mbele ya klavie, anayejua anasimama nyuma na mikono yake mgongoni, anatumia mdomo tu. Itachukua muda mrefu zaidi. Lakini nyuma ya miezi mitatu mtakuwa na watu kumi wanaojua, na si mmoja anayejua na tisa wanaomtazama.

Na neno juu ya mabinti. Katika komite zetu msichana anawekwa mtunza feza ao "mhusika wa mapokezi", halafu siku ya kazi anatumwa kuleta maji. Wamama ndio wanashika kabini nyingi za feza na meza nyingi za soko. Mwizi wa simu anawatafuta wao kwanza. Klabu isiyokuwa na mabinti mbele ya klavie haiwezi kusema inalinda muji huu.

"Lakini hatuna rezo, hatuna umeme"

Tunalisikia neno hilo kila siku, na si uongo. Wengi wetu tunachaji simu kwa sola ya jirani ao kwa grupe ya kibanda fulani, na siku nyingine rezo inapotea mpaka jioni. Lakini tuangalie vizuri ni nini inahitaji intaneti na ni nini haihitaji.

Mchezo wa bendera unaweza kuchezwa bila intaneti. Ordinatere moja inaweza kuwa seva, nyingine zinaungana nayo kwa waya ao kwa rezo ndogo ya ndani ya chumba, na maswali yanakuwa humo. Maswali mengine yanachezwa kwa karatasi. Fungueni hili: NDVRQJR. Sogezeni kila herufi nafasi tatu nyuma katika alfabeti yenye herufi 26, namna ya kale ya Julius Caesar, na mtaona jina mnalolijua. Aliyefungua hilo ameanza kuelewa kwa nini ujumbe uliofungwa kwa ufunguo dhaifu si siri.

Kati ya Kasongo na Kabambare barabara ni mbaya na usalama haueleweki. Sawa, timu zisisafiri. Maswali yasafiri ndani ya kadi ya memori, katika bahasha iliyofungwa, na mwalimu mmoja kila upande aifungue siku moja, saa moja. Timu ikipata bendera inaituma kwa SMS. Neno moja, SMS moja. Mwisho wa siku tunahesabu pointi na redio zetu zinatangaza mshindi. Hayo yanaweza kufanyika kwa bei ya karatasi na mafuta kidogo ya grupe.

Wanaosukuma kinga zenye mizigo katika barabara za Maniema hawangoji lami. Wanapofika mlima, wanaacha kinga moja chini, wanasukuma nyingine wawili wawili, wanarudi. Hatusemi serikali isitengeneze barabara. Tunaidai lami na tutaendelea kuidai. Tunasema mlima hautungoji.

Majirani wanafanya nini

Mwezi wa saba mwaka 2023, Kenya ilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijaza tovuti ya serikali ya eCitizen kwa maombi ya uongo mpaka ikashindwa kufanya kazi, na watu wakasumbuka kulipa kwa simu. Mwezi wa kumi mwaka 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kwa kazi za kundi hilo. Yaani timu ndogo sana iliweza kusumbua inchi nzima. Kumbe na timu ndogo za walinzi zina thamani. Kenya ilikuwa imekwisha kuelewa hivyo: kuna programu inayoitwa Cyber Shujaa, ya chuo kikuu cha USIU-Africa, kampuni ya Serianu na chama cha mabenki ya Kenya, inayofundisha vijana usalama wa mtandao ili wapate kazi. Chuo, kampuni na benki kwenye meza moja. Kwetu vitu hivyo vitatu havijawahi hata kusalimiana.

Kuna pia picoCTF ya Afrika, inayoendeshwa na Carnegie Mellon University Africa, ambayo iko Kigali. Tunajua jina la muji huo linaamsha nini leo katika roho ya Mkongomani, na hatujifanyi hatujui. Kila mmoja aamue kwa roho yake. Anayeona hawezi kushindana kupitia huko, maswali ya mazoezi ya picoCTF yenyewe yako wazi kwa kila mtu, bure. Kinachotuuma sisi ni kingine: kijana wa Kasongo akose kujifunza kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mlango uko wazi.

Mpaka ambao hatuvuki

Tuseme na lile ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini. Kijana shomeri, mwenye njaa, anayejua namna simu inavyofunguka, anatafutwa. Atakuja mtu amwambie: "Wewe uko na akili, tugawane." Hatutahukumu njaa ya mtu, sisi wenyewe tunaijua. Lakini feza hiyo ni ya mchimbaji wa Salamabila, ni ya yule mama wa soko. Aliyejifunza kwa klabu akaitumia kuiba, ameiba mara mbili: feza ya jirani, na imani ambayo muji ulikuwa nayo kwa vijana wote waliosoma.

Na kuna sheria. Kodi ya numerike ya inchi yetu, tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaadhibu kuingia katika ordinatere ao simu ya mtu bila ruhusa. "Nilikuwa najaribu tu" si kinga mbele ya mwendesha mashtaka. Kwa hiyo kila klabu iwe na kanuni moja iliyoandikwa ukutani: hatugusi kitu cha mtu bila ruhusa yake ya maandishi. Tunafanya mazoezi juu ya vitu vyetu. Tukiona tundu kwa bahati, tunamwambia mwenyewe kimya kimya, hatulitangazi.

Hapo timu inasaidia kuliko mawaidha. Mtu anayefanya kazi peke yake usiku anajidanganya kirahisi. Mtu ambaye kazi yake inaonekana ubaoni na katika daftari ana ndugu wanaomshika mkono mbele hajaanguka.

Tunachoomba

Kwa wakuu wa vyuo na shule za Kasongo na Kabambare: kama kuna sali ya ordinatere, ifunguliwe kila Jumamosi, na mwalimu mmoja awe nayo mkononi. Ordinatere iliyofungiwa ndani ya kufuli inaoza kwa vumbi. Ile inayotumika ikiharibika, wanafunzi watajifunza kuitengeneza.

Kwa kampuni za simu: mnakata feza yetu kila siku. Tunataka namba ya kupiga bure, inayojibu kwa Kiswahili, ambapo mtu aliyeibiwa anaweza kuzuia feza mbele haijatolewa. Na katika kabini zote kuwe na tangazo la Kiswahili juu ya namba ya siri.

Kwa redio za kwetu: dakika 15 kwa juma. Vijana wataleta mfano mmoja wa wizi, bila majina, na namna ya kujikinga. Hatuombi zaidi.

Kwa wakuu wa teritware na wabunge tuliowachagua: msituletee T-shirt zenye jina la klabu. Leteni sola mbili na ordinatere tano kwa chuo, kwa karatasi inayosema ni mali ya wanafunzi wote, si ya komite wala ya chama.

Kwetu sisi vijana, tusingoje majibu ya hao wote. Jumamosi hii, watu watano wakutane. Kuwe na daftari moja, kalamu moja, simu mbili. Msichague raisi. Chagueni swali la kwanza. Ninyi watano, kila mmoja aende na kumfundisha mama mmoja kuweka uhakikisho wa hatua mbili, arudi aandike katika daftari ni wapi mama alikwama. Hiyo itakuwa ripoti yenu ya kwanza, na itakuwa na maana kuliko muhuri.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wezi wa simu wamekwisha kujipanga: mmoja anapiga, mmoja anaandika ujumbe, mmoja anatoa feza katika kabini ya mbali. Wao wana timu. Sasa ni zamu yetu.